Baba kavua miaka 30, mtafiti anakuja na slaidi zake: nimsikilize nani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni binti wa Katonga hapa Kigoma, baba yangu ni mvuvi wa dagaa miaka 30 na zaidi, mama anaanika na kuuza. Tumetangaziwa kuna mtafiti wa mazingira anakuja mjini kutoa mhadhara wa wazi, bure, kuhusu Ziwa Tanganyika kupata joto na samaki kupungua. Baba anasema hao ndo waliotufungia ziwa tusivue, hawajui kitu, wanalisoma ziwa kwenye kompyuta. Mimi natamani kwenda. Je niende? Na nikienda nitajuaje kama anachosema ni kweli, maana niliishia kidato cha nne na sayansi sikuwa vizuri.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda, na mzee ukiweza nenda naye, tena akae viti vya mbele kabisa. Hilo ndo jibu fupi. Jibu refu ni hili hapa chini, tafuta pa kukaa maana nina mengi, kazi hii nimeifanya miaka mingi, kupima maji ya ziwa na baadae kusimama mbele za watu kuwaeleza nilichopima, na hiyo ya pili imenisumbua kuliko ya kwanza.

Nianze na mzee, sababu sitaki uende ukumbini ukiwa umeshamuona baba yako mbishi. Mimi enzi zangu za kupima nilikuwa naingia ziwani mara moja kila wiki 2, tena mafuta ya boti yakiwepo. Yeye yuko kule karibu kila usiku wa giza, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, anajua upepo kabla haujafika, anajua maji yakibadilika rangi nini kinafuata, anajua mwaka gani dagaa walikuja wengi mpaka watu wakamwaga. Mtafiti hana daftari la namna hiyo. Kwa iyo akisema hawalijui ziwa kuna upande anasema kweli kabisa na usimbishie.

Ila kuna kitu kimoja hata avue miaka 100 hatakiona, kile kilichopo chini. Ziwa letu pale penye kina kirefu zaidi linafika mita 1,470 hivi, duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Sasa oksijeni, ile hewa ya samaki, kwa huku kwetu kaskazini inaishia kwenye mita 100 hivi, kule kusini upande wa Zambia inafika 200. Baada ya hapo mpaka chini kabisa hakuna samaki wala konokono, ni maji yasiyo na hewa tu, giza na baridi. Yaani bahari yote hii unayoiona ukiwa Katonga, urefu wake kilomita 670 na kitu, samaki wote wanaishi kwenye ngozi yake ya juu tu. Nikisemaga hili mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, watu wananyamaza kwanza, alafu mmoja anauliza, kwa iyo hiyo ngozi ikisinyaa? Na hapo ndo mhadhara wenyewe unapoanza.

Twende kwenye swali lako sasa, utajuaje kama anasema kweli. Digrii huhitaji. Unahitaji swali moja ambalo utamuuliza kila akitaja namba: hiyo mliipima au mliikadiria? Wala si swali la kumkomoa, sisi kwa sisi tunaulizana hivo kila siku na mtafiti anayeipenda kazi yake atalifurahia. Atakayekasirika, basi hapo nawe umeshajua kitu.

Nikupe mfano maana najua namba hizi utakutana nazo. Mwaka 2003 zilitoka tafiti 2 kubwa kuhusu Tanganyika ndani ya mwaka huo huo mmoja, moja ya Catherine O'Reilly na wenzake kwenye jarida la Nature, nyingine ya Piet Verburg na wenzake kwenye Science. Zote zilifika karibu sehemu moja, kwamba ziwa limepata joto na rutuba yake imeshuka. Kwenye ile ya O'Reilly kuna namba 2 zinazotajwa karibu kila mhadhara wa ziwa hili: chakula kinachozalishwa majini kimepungua kama asilimia 20, na samaki kama asilimia 30. Zikisemwa harakaharaka utadhani ni mapacha. Sio. Ile 20 ilitoka kwenye matope ya chini ya ziwa, walichukua matope wakapima aina za kaboni zilizomo, wakasoma humo uzalishaji wa mwani ulivyoshuka, mwani namaanisha vile vijimea vidogo vinavyoelea majini ambavyo jicho halioni kimoja kimoja. Ile 30 hakuna mtu aliyehesabu samaki ziwani. Ni hesabu iliyojengwa juu ya ile 20, kwamba kama chakula kimepungua kiasi hiki basi walaji nao watakuwa wamepungua kiasi hiki. Inaweza kuwa sahihi, ila uzito wake sio sawa na wa mwenzake, na mtu anayekuhutubia inabidi akwambie hiyo tofauti bila kuombwa.

Unajua mwanangu kwa nini joto linapunguza rutuba? Hapa naomba nikae kidogo maana wengi wanaporukia ndo hapa, alafu msikilizaji anabaki na neno tabianchi kichwani kama jina la ugonjwa.

Mama akipika mchuzi wa mawese akaushusha ukapoa, mafuta yanapanda juu yanatulia, mchuzi wenyewe uko chini na nyama ziko chini. Mpaka mwiko upite ndo vinachanganyika. Ziwa nalo liko hivo hivo. Maji ya juu yana joto kwa iyo ni mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi. Mbolea ya ziwa iko chini, sababu kila kinachokufa kinazama, mwani, samaki, kila kitu, na kinaozea huko. Mwani wenyewe unataka vitu viwili, mwanga ambao uko juu na mbolea ambayo iko chini. Mwiko wake ni upepo wa kusini, ule wa kiangazi unaovuma kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 hivi. Upepo unayasukuma maji ya juu kuja huku kwetu kaskazini, kule kusini maji ya chini yanapanda na mbolea yake kujaza pengo, alafu upepo ukiacha maji yanarudi, yanayumba kwenda na kurudi humo ndani kama maji ya beseni ukilibeba ukitembea, juu huoni kitu ila chini yanapanda na kushuka. Hapo ndo mwani unapata chakula, vidudu vidogo vinakula mwani, dagaa anakula hivyo vidudu, mgebuka anamla dagaa, na sisi tunawala wote wawili.

Sasa maji ya juu yakizidi joto, yanazidi kuwa mepesi, upepo ule ule wa siku zote unashindwa kuyakoroga kama zamani. Juu kwetu ni digrii 24 mpaka 28 kutegemea msimu, chini kabisa ni 23 na ushei. Utasema mbona tofauti yenyewe ndogo. Ni kweli inaonekana ndogo, lakini maji yakishakuwa ya uvuguvugu kama ya kwetu, digrii moja ya kuongezeka inabadilisha uzito wake kuliko digrii moja ya kuongezeka kwenye maji ya baridi ya Ulaya. Kwa iyo ziwa la huku likipata joto kidogo tu, linakuwa kaidi kukorogeka.

Mzee hapo ataingia na swali lake: basi kama ni joto, mnatuonea nini sisi wavuvi? Ni swali la haki na wanasayansi wenyewe wamelibishania sana, tena hadharani. Mwaka 2006 kundi la watafiti likiongozwa na Jouko Sarvala wa Finland, watu waliofanya kazi kwenye ziwa hili hili, waliandika kwamba takwimu za samaki wanaovuliwa zinaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe, nani anavua, kwa zana gani, kuliko joto. Unaona, wote ni wasomi, wote wamepima, na hawakukubaliana. Baadae mwaka 2016 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake wakaja na ushahidi mwingine wa matope, na huu mimi ndo ulionigusa zaidi.

Kazi yenyewe iko hivi. Wanazamisha bomba mpaka chini, linajikita kwenye matope, wanalivuta juu, linatoka na matope marefu yaliyoshikana kama mche wa sabuni. Nimewahi kuushika mche wa namna hiyo, ukitoka tu majini unanuka kama yai viza, hiyo ni kwa sababu kule chini hakuna oksijeni, na ukiukata kwa urefu unaona mistari, mwembamba juu ya mwembamba, wa juu ni wa jana na kadri unavyoshuka ndo unarudi enzi za babu wa babu yako. Ndani yake kuna magamba ya samaki, vijino, vimifupa, vingine huvioni mpaka kwa hadubini, na maganda ya konokono. Unajua umri wa kila tabaka, unahesabu mabaki yaliyomo. Kina Cohen walikuta mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaanza ziwani, ambao ulianza miaka ya 1950. Yaani kabla ya meli za kuvua, kabla ya karabai kujaa ziwani, kabla ya baba yako kuzaliwa. Wakakadiria pia kwamba eneo la chini ya ziwa lenye oksijeni, kule karibu na ufuko wanakoishi konokono na samaki wa kwenye mawe, limepungua asilimia 38 tangu 1946. Nimesema wakakadiria, na wewe ukumbini ukisikia 38 isindikize na lile swali lako.

Kwa iyo mzee aambiwe wazi: wavuvi sio chanzo cha kila kitu, kuna ushahidi wa matope unaowatetea. Ila haimaanishi uvuvi hauna athari. Mimi maoni yangu, na hapa nasema kama mimi, ni kwamba yote mawili yanafanya kazi pamoja, ziwa linatoa kidogo kuliko lilivyokuwa linatoa na wanaochukua wameongezeka sana, taa za sola kila mtu anaweza kununua, nyavu za matundu madogo, makokoro yanakokota mpaka mayai na vifaranga pale pale ufukoni. Joto la dunia hatuwezi kulizima tukiwa Katonga. Kokoro tunaweza kulitoa majini kesho asubuhi.

Na lile la kufunga ziwa. Watafiti hawana ufunguo wa ziwa mwanangu, wanashauri tu, wanaofunga ni serikali, na nchi 4 zinazolizunguka zilikubaliana. Kwa upande wetu 2024 lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15. Hoja yake inaeleweka, dagaa maisha yake ni kama mwaka mmoja tu na anazaa haraka, ukimpumzisha miezi 3 anaweza kurudi, mgebuka yeye anachukua muda mrefu zaidi. Hoja naiona ina akili. Lakini hoja sio ushahidi, na hapo mzee anayo haki ya kusimama aulize: mlipima kabla ya Mei 15? Mkapima baada ya Agosti 15? Sehemu zile zile, kwa njia ile ile? Kama hawana cha kabla, cha baada peke yake hakisemi kitu. Na mimi nikiongezea, mtu anayesimama Kigoma kusifia kufunga ziwa bila kusema neno lolote kuhusu watu waliishije miezi 3 ile, wanaoanika, wabebaji wa mwaloni, mama ntilie wa Kibirizi, huyo kazi yake hajaimaliza hata kama namba zake ni sahihi zote.

Nikueleze sasa kosa langu mwenyewe kwa sababu nahisi hata huyu anayekuja anaweza kulifanya. Miaka kadhaa nyuma ofisi moja ilinialika kutoa mhadhara hapo mjini kuhusu dagaa. Wakapanga tarehe, saa 1 jioni, nikakubali bila kuangalia mwezi. Nikafika nikakuta ukumbi umejaa maafisa, wanafunzi, waalimu, watu wazuri tu, lakini mvuvi alikuwa mmoja, mzee wa makamo ambaye mguu ulikuwa umefungwa bandeji ndo maana hakwenda ziwani. Nikaongea kama dakika 40, grafu juu ya grafu. Wakati wa maswali yule mzee akanyoosha mkono, hakuuliza kuhusu grafu hata moja. Akasema, "Hao unaotaka wakusikie, si taa zao zile?" Akaonyesha dirishani. Ukumbi ulikuwa mlimani, unatazama ziwa, na ziwa lote lilikuwa limejaa taa mpaka upeo wa macho. Ilikuwa giza la mwezi. Nilikuwa nimeita watu siku ambayo wako kazini, nikakaa ndani kuwaongelea huku wao wanaonekana dirishani. Ile siku sijaisahau mpaka leo.

Kwa iyo cha kwanza kabisa, kabla ya maswali yote niliyokupa, angalia tarehe waliyoweka na uangalie mwezi. Kama imeangukia kwenye giza, wapigie simu waandaaji, waambie kwa heshima kwamba wavuvi hawatakuwepo, wasogeze mpaka mbalamwezi watu wako nchi kavu wanashona nyavu. Mtafiti hatajua hilo, anaweza kuwa ametoka Dar au nje huko, kalenda yake haina mwezi. Wewe ndo unajua. Hata kama hawatasogeza, angalau wapange siku ya pili mwaloni.

Jambo jingine ni lugha. Kama mgeni haongei Kiswahili basi mtafsiri awe mtu anayelijua ziwa, sio anayejua Kiingereza tu. Nimewahi kukaa kwenye mkutano mgeni anaongea kuhusu wingi wa samaki waliopo majini, mtafsiri akawa anasema akiba ya samaki imepungua, akiba imepungua. Wazee wakaanza kutazamana. Mmoja akauliza, hiyo akiba iko wapi na nani anaitunza, mbona hatujawahi kuambiwa? Alikuwa anauliza kwa dhati kabisa, alielewa kwamba kuna samaki wamehifadhiwa mahali na serikali. Ilichukua nusu saa kurudi kwenye mada na bado kuna watu waliondoka wakiamini kuna kitu kimefichwa. Kwa iyo neno usilolielewa ukumbini usilimeze, nyoosha mkono hapo hapo, useme samahani hilo neno linamaanisha nini kwa mvuvi. Hautaonekana mjinga. Nusu ya ukumbi nao hawajaelewa wanaona aibu tu.

Mhadhara wangu uliofuata niliufanya Katonga kwenu huko, mwaloni, mchana, mbalamwezi, tumekaa kwenye turubai. Sikubeba projekta. Nilibeba jagi la kioo, maji baridi nikamimina nusu, alafu nikachukua maji ya moto ya kwenye birika nikayatia bluu ile ya kufulia, nikayamimina polepole juu ya kijiko yasichanganyike. Yakakaa juu, bluu juu, meupe chini, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Nikampa kijana mrija nikamwambia puliza juu, wewe ndo upepo. Akapuliza mpaka mashavu yakavimba, bluu inatembea tu juu haishuki. Nikamimina mengine ambayo nayo ni ya bluu ila yamepoa kiasi, akapuliza, yakaanza kuvurugika. Hakuna aliyeniuliza tabianchi ni nini baada ya hapo. Walichouliza ni hiki, na kilitoka kwa mzee mmoja mwembamba aliyekuwa anashona wavu muda wote hata sikujua kama ananisikiliza: upepo wa kusini ukishatulia, ziwa linakuwa kijani siku kadhaa na baada ya hapo dagaa wanaonekana, sasa hiyo siku hizi imepungua au macho yangu? Swali moja hilo lilikuwa na mada yangu yote ndani yake, mwiko, mbolea, mwani, dagaa, na yeye hajawahi kushika kitabu cha ikolojia. Ikanibidi niseme ukweli, kwamba vipimo vyangu ni vya wiki 2 wiki 2 na huo ukijani unaweza kuja na kuondoka katikati nisiuone. Tukakubaliana wawe wananipigia simu ukitokea. Walipiga. Vile vipimo vya siku zile ndo ninavyovithamini kuliko vyote nilivyonavyo.

Watu wa Kigoma hatuna haja ya kufundishwa kutoka mbali jinsi ya kufanya hivi, tunao mfano hapo Gombe. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alishuka ufukoni pale Julai 14, 1960 akiwa na miaka 26, akakaa na sokwe, mwaka huo huo akamuona sokwe anatumia kijiti kuvulia mchwa. Baadae akawa mtu wa mihadhara, karibu siku 300 kwa mwaka yuko safarini anaongea na watu, na Oktoba 1, 2025 amefariki huko California akiwa kwenye ziara hiyo hiyo ya kuongea, miaka 91. Wengi wanamkumbuka kwa sokwe. Mimi namkumbuka kwa kilichofuata baada ya yeye kupita na ndege juu ya Gombe akaona vilima vya vijiji jirani vimebaki vipara. Mradi wa taasisi yake uitwao TACARE, wa kusaidia vijiji na kurudisha misitu, ulioanza 1994 haukuanza kwa kuwahubiria watu miti. Timu ya Watanzania ilienda kwenye vijiji 12 jirani na hifadhi ikakaa na watu, ikauliza shida zenu ni nini, na watu hawakutaja sokwe, walitaja chakula, afya, shule. Wakaanzia huko. Miti ilikuja baadae, na watu wakaipanda wenyewe.

Ukimuona huyo mtafiti muulize pia matokeo yatarudi vipi kwenu. Kama anatoka nje ya nchi, lazima awe na kibali cha utafiti cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, sio vibaya kumuuliza kwa adabu, na muulize ripoti itaachwa wapi, itakuwa kwa Kiswahili au la, vipimo vya Katonga vitabandikwa kwenye ofisi ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, au vitaondoka naye na ndege. Kuna wanaokuja wanapima wanaondoka hatuwaoni tena, hilo linaniuma sana, na ndo limefanya mzee wako awe hivo alivyo. Hakuzaliwa anachukia watafiti, kuna watu walimfundisha.

Na mama asibaki nyumbani. Watu wanadhani mhadhara wa samaki ni wa wanaume wenye mitumbwi, sio kweli. Anayeanika dagaa anamgusa samaki mmoja mmoja kuliko yeyote, anajua karai la dagaa mwaka huu linajaa na wangapi, anajua lini walianza kuja wadogo wadogo wanaopita kwenye chekeche la chanja. Hicho ni kipimo, kabisa. Mwambie asubuhi ya siku hiyo achukue konzi moja ya dagaa wabichi kutoka mtumbwi wa kwanza bila kuchagua wakubwa, awapange kwenye karatasi pembeni ya rula, wewe piga picha na simu, andika tarehe na mwalo. Mkipewa nafasi ya swali mwonyesheni hiyo picha mumuulize, hawa wana umri gani, walishazaa au bado? Uone uso wake utakavyobadilika, atasahau slaidi zake.

Mzee akikataa kabisa kwenda usimlazimishe wala usigombane nae. Kaa nae jioni anavyoshona wavu, mwombe akwambie ule upepo wa kusini ulikuwaje alipoanza kuvua na saivi ukoje, unaanza lini, unachukua siku ngapi, baada yake dagaa wanakuja upande gani. Mrekodi kwenye simu, usimkate. Siku ya mhadhara ikifika zamu ya maswali, weka simu karibu na maiki, mwache aulize mwenyewe kwa sauti yake. Alafu rudi uniandikie alijibiwa nini, hasa kuhusu siku ambazo upepo unachukua, hapo hata mimi nasubiri.